Sahani ya uso tuliyoachiwa na mzungu wa chai Mufindi, kuna jamaa kafika laki nane, nisaidieni kabla mama hajaiuza

MnyalukoloMbeya

Wakuu habari za jioni, na wa nyumbani kamwene. Naomba mnisome mpaka mwisho hata kama ni ndefu maana hili jambo limeninyima usingizi tangu jumapili.

Marehemu baba alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja kwenye mashamba ya chai kule Mufindi. Mzungu aliondoka kurudi kwao 1974, akawaachia wafanyakazi wa nyumbani vitu vidogo vidogo, baba alipata kitanda, blanketi, pasi ya mkaa na sahani moja nzito ya udongo imechorwa uso wa mtu, macho kama ya samaki, pua imeenda upande, sisi watoto tulikuwa tunaiogopa kweli kweli. Hiyo sahani haijawahi kukaa kabatini hata siku moja. Mama anafunikia chungu cha maziwa mgando mpaka leo hii pale nyumbani Mafinga. Ukingoni imemeguka kidogo na msababishaji ni mimi, niliidondosha nikiwa darasa la nne na zile fimbo nazikumbuka vizuri.

Sasa jumamosi mdogo wangu kapiga picha ya chungu kaweka status, eti maziwa ya kijijini, na sahani ikaonekana. Jumapili asubuhi kaja jamaa na boda, ni wale wanaozunguka kununua vitu vya zamani, cherehani za mguu, redio za mbao, simu za kuzungusha. Kaanza na elfu hamsini. Mama kakataa kwa sababu moja tu, hana kingine cha kufunikia. Jamaa kapanda laki, laki tatu, kaondoka kama amekasirika, karudi saa kumi jioni na laki nane mkononi. Mama kaogopa, kafikiri ni mambo ya nguvu za giza, kamfukuza.

Nimepigiwa simu nikawaambia waigeuze. Nyuma kuna maandishi meusi ya brashi: No. 130, chini yake Edition Picasso, halafu namba kama ya sehemu, juu mbili kitu kitu na chini 500, tarakimu ya katikati ya ile ya juu imefifia haisomeki, halafu Madoura. Rula inasoma sentimita 25 na kitu.

Huyu Picasso ni yule yule mchoraji wa michoro ya mabilioni? Na nitajuaje thamani yake bila kwenda kwa mtu atakayenipiga? Mimi niko Mbeya, naenda Mafinga ijumaa.

kichwa_ngumu_Soweto

Yaani mnafunikia mgando Picasso 😂😂 ndio maana maziwa ya Mafinga matamu

TajiriMtarajiwa

Mkuu usijipe presha, hiyo feki. Nimesoma sana haya mambo. Vyombo vya Picasso vya ukweli vinakuwa na mihuri iliyogandamizwa kwenye udongo wakati bado mbichi, mmoja unasoma Madoura Plein Feu na mwingine Empreinte Originale de Picasso. Hiyo yako imeandikwa kwa brashi, mtu yeyote mwenye brashi anaandika. Na hiyo No. 130 nayo inajichanganya, juu 130 chini mia mbili na kitu, sasa ni ya ngapi? Mwenye kughushi alilewa. Chukua laki nane kimbia nayo, nunua mabati.

MnyalukoloMbeya

Aisee. Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya trekta.

mama_wa_Ikombe

Kijana usikate tamaa kwa maneno ya mtu ambaye hajaishika. Mimi hao Picasso siwajui ila vyungu navijua, nimezaliwa navyo, Wakisi sisi wa Ikombe kule ziwani Nyasa tunafinyanga tangu bibi na bibi, bila gurudumu, mama anakaa chini na jiwe na kipande cha kibuyu. Pale soko la Lyulilo jumamosi hakuna mnunuzi anayeangalia uzuri kwanza. Anakiinua anakining'iniza kwa vidole, anakigonga na kifundo cha kidole. Kikilia tiiing kizima. Kikisema dap, kama unagonga boga, kuna ufa hata kama huuoni, na hata ukikipaka rangi namna gani hakidanganyi. Sasa hiyo sahani yenu mwambie mama aiweke kwenye kiganja asiikabe, agonge pole pole katikati ya ukingo. Mengine watakwambia wenye shule yao.

Halafu mwanangu, chungu cha mgando wa mama ni cha wapi? Kama ni chetu hicho ndio cha kuuliza bei 😊

MbebaMaboksi

Nimeona huu uzi usiku nikasema nilale, nimeshindwa.

Nilifanya kazi ya kupakia na kupakua kwenye nyumba ya mnada London miaka sita, mimi ni mtu wa Tukuyu, nilikuwa nabeba tu sio mtaalamu, lakini ukibeba vitu vya watu miaka sita na unasikia wanavyobishana juu yake kuna kitu kinabaki kichwani. Hivi vyombo vya Picasso nimevifunga kwenye povu na kuvifungua mara nyingi mno. Kwa hiyo @TajiriMtarajiwa samahani mkuu, nusu uko sawa nusu umempoteza mwenzio.

Habari yenyewe ni hivi. Mwaka 1946 Picasso alikuwa pwani ya kusini mwa Ufaransa, akaenda kwenye maonyesho ya wafinyanzi mji mdogo unaitwa Vallauris, mji wa vyungu vya kupikia tangu zamani, yaani Ikombe ya kule. Akakutana na mke na mume, Suzanne na Georges Ramié, wenye karakana inaitwa Madoura. Jina lenyewe ni vipande vya maneno, ma ya maison yaani nyumba, dou ya Douly ambalo ni jina la kwao Suzanne, ra ya Ramié. Akachezea udongo siku ile akaondoka. Mwaka uliofuata karudi na madaftari ya michoro, na hakuacha tena mpaka uzee wake. Hata mke wake wa mwisho Jacqueline alimkuta hapo hapo Madoura, dada wa kuuza duka.

Sasa msichanganye vitu viwili. Kuna vyombo alivyofanya kwa mikono yake mwenyewe, kimoja kimoja, hivyo bei yake tuachane nayo. Halafu kuna vya toleo. Hivi walikubaliana na akina Ramié kwamba karakana itoe nakala zake kwa idadi maalum ili watu wa kawaida nao wapate. Aina za vyombo hivyo ni 633, kuanzia 1947 mpaka 1971, na mtoto wa akina Ramié, Alain, aliviorodhesha vyote kwenye katalogi, kila kimoja kina namba yake inayoanza na A.R., herufi za jina lake. Idadi ya nakala inatofautiana, vingine 25 tu, vingine mpaka 500.

Na nakala zilitoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza, yeye anafanya kile cha mwanzo, mafundi wa Madoura wanakirudia kwa mkono, umbo lile lile na mchoro ule ule kwa brashi, ndio maana mbili za toleo moja ukiziweka pamoja hazifanani kabisa kabisa. Hizi ndizo zinaandikwa Edition Picasso. Njia ya pili, anachonga kwenye kalibu ya plasta, udongo unagandamizwa mle unatoka na alama zake. Hizo ndio Empreinte Originale. Kwa hiyo mkuu hiyo mihuri uliyoitaja ipo kweli, lakini siyo kila sahani ina mihuri, nyingine zimeandikwa kwa brashi nyuma na kuchomwa hivyo hivyo, na ni halali kabisa.

Na kuhusu 130, ndipo nilipoinuka kitandani. Mwaka 1963 kulikuwa na mfululizo wa sahani za duara za nyuso, zinaitwa Visage, yaani uso, na kila moja ina namba ya mchoro. Visage no. 130 ipo. Toleo lake ni nakala 500, upana wake karibu sentimita 25. Hiyo 130 ni jina la mchoro, haihesabu nakala. Namba ya nakala ndiyo hiyo mbili kitu kitu iliyo juu ya 500. Mwenye kughushi mlevi haandiki hivyo.

Sijasema ni ya kweli. Mimi sijaiona. Nasema tu hiyo sababu uliyopewa ya kuiita feki siyo sababu.

TajiriMtarajiwa

Hapo nimekaa kimya najifunza. Ila mkuu mbona hata maandishi yanaweza kunakiliwa? Hiyo yote iko mtandaoni.

MbebaMaboksi

Yanaweza, na yananakiliwa. Ni kama michoro ya Tingatinga, mwenyewe Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu, mwisho wa sitini mpaka alipopigwa risasi 1972, lakini nenda sehemu za watalii Dar uone anavyoendelea kusaini. Tofauti ya hii ni kwamba imekaa jikoni Mafinga tangu 1974, wakati huo nani angehangaika kughushi sahani kumpa mpishi? Lakini pia kumbuka Vallauris ilikuwa imejaa karakana, na Picasso alipokuwa maarufu pale kila mtu akaanza kuchora nyuso za pua pembeni kuwauzia watalii. Mzungu wako anaweza kuwa alinunua moja ya hizo likizo. Kwa hiyo ijumaa ukifika fanya haya, na usifanye zaidi ya haya.

Kwanza mwambie mama asiioshe. Ndugu yangu hii naisema kwa herufi ndogo lakini nipige magoti. Hapana jiki, hapana stilwaya, hapana majivu, hapana mchanga. Maziwa yaliyoganda ukingoni acha hivyo hivyo, kitambaa laini chenye maji kidogo kinatosha, tena upande wa mbele tu.

Pili tafuta sehemu nyuma ambayo haina ile ngozi ya kung'aa, pale ambapo udongo uko uchi. Vya Madoura ni udongo wa kawaida, mwingi mweupe wa maziwa au mwekundu, siyo kaure, ile wanayoita porcelain. Inua sahani mbele ya taa. Ukiona mwanga unapita, ni kaure, mchezo umeisha, rudisha kwenye mgando.

Tatu azima lenzi kwa fundi saa. Angalia mistari ya uso kwa karibu. Brashi inaacha njia, inaanza nene inaisha nyembamba, rangi inajikusanya mwisho pale mkono ulipoinuka. Ukiona vidoti vidoti vimepangana kama picha ya gazeti, hiyo ni karatasi iliyobandikwa kiwandani.

Nne, hiyo tarakimu iliyofifia ndio inanipa maswali. Rangi iliyochomwa tanuruni haitoki kwa sabuni. Uliza mama anaoshaje.

mama_wa_Ikombe

Baba umeongea, ndaga fijo, asante sana. Lakini agonge!

binti_Makambako

Kuongezea tu, tochi ya kukagulia noti, ile ya zambarau ya mawakala. Nimeona fundi mmoja wa fanicha za zamani anatumia, gizani gundi na rangi iliyopakwa baadaye zinang'aa tofauti na chombo chenyewe. Mtu akikuuzia kitu kimeungwa unakijua hapo hapo.

MnyalukoloMbeya

Wakuu nimerudi. Niko Mafinga, baridi ya huku mnaijua, naandika nimejifunika blanketi.

Nimefanya yote. Nilichukua lenzi kwa fundi saa pale Mbeya kabla sijapanda basi, kanikodisha elfu tano na kitambulisho nikaacha, na tochi ya wakala ni ya shemeji.

Sauti: imelia, lakini siyo tiiing ya glasi, ni ndefu na nzito kidogo, ting-nnn hivi. Mama wa Ikombe nilikurekodia ila humu sauti haipandi.

Mwanga haupiti kabisa. Nyuma kwenye miguu ya sahani kuna pete haina kung'aa, udongo wake mweupe wa njano kama mkate wa maziwa.

Lenzi ndio imenimaliza. Nyusi ya kushoto ni mpigo mmoja wa brashi, unaona kabisa alivyoanzia juu akashuka akakata kona, na mwisho kuna kitone kidogo cha rangi kimejaa kama matone ya asali kwenye ncha ya kijiko. Hakuna vidoti. Nimekaa na sahani ambayo nimeiona juu ya chungu miaka yote hiyo na sikuwahi kuona kwamba ile nyusi ni mkono wa mtu.

Tochi: tulizima taa, uso mzima umebaki giza giza, isipokuwa pale ukingoni kwenye meguko kuna kipande kama ukucha kimewaka buluu. Nikashangaa. Mama kacheka, anasema baba yako usiku ule baada ya kukuchapa alikitafuta kile kipande chini ya kabati akakibandika na gundi ya fundi viatu. Sikuwa najua. Miaka yote nilidhani kilipotea na palikuwa pamemeguka tu kidogo, kumbe palimeguka zaidi na mzee akaunga.

Tarakimu: mama anasema miaka yote alikuwa anasugua na mchanga wa mtoni na majivu, hasa nyuma, kwa sababu masizi ya jiko. Kwa lenzi siyo hiyo tarakimu tu, upande ule wote umelika, hata herufi ya mwisho ya Picasso imekonda. Naiona kama 4 au 9.

MbebaMaboksi

Hapo kwenye gundi ya baba umenigusa.

Sawa. Usikitoe hicho kipande, usijaribu kukiunga upya, usimpe fundi yeyote wa Mafinga wala Iringa wala Dar akurekebishie. Kiseme wazi wazi kwenye maelezo, picha yake ya karibu, na picha ya ile tochi. Meguko lililofichwa likigunduliwa na mnunuzi linaua bei na linakuua na wewe jina, lililosemwa linapunguza tu. Mchanga wa mama pia utapunguza.

Sasa thamani. Watu husikia Picasso wanawaza mabilioni. Mwaka 2012 nyumba ya mnada ya Christie's London waliuza mkusanyiko wa Madoura wenyewe, chombo kimoja kikubwa cha wanawake, toleo la nakala 25, kilivuka pauni laki saba. Lakini hizo ni 25. Ya kwako kama ni ya kweli zipo 500, nyingine hazikumegwa na mtoto wa darasa la nne. Sahani za namna hiyo kwa kawaida zinacheza kwenye maelfu ya dola, sio mamilioni. Trekta jipya hapana. Lakini ukibadilisha dola elfu moja tu kwa shilingi utaona yule wa boda na laki nane yake alikuwa anawacheka kimoyomoyo.

Na ushike hili, anayetaka kununua hawezi kuwa mthamini wako. Hata awe na lenzi, hata awe na suti. Nyumba kubwa za mnada zina ukurasa wa kutuma picha, wanakupa makadirio bure, huhitaji kusafiri. Tuma kwa mbili au tatu tofauti ulinganishe. Picha: mbele, nyuma, maandishi kwa karibu, ukingo wote, meguko, na moja ukiwa umeweka rula. Mchana, nje kwenye kivuli, bila flashi. Kisha waulize mapema wanakata asilimia ngapi kwa muuzaji, na nani analipa bima na usafiri, maana hizo zikija baadaye utalia. Kabla haijatoka nchini pita idara ya Mambo ya Kale au makumbusho ya taifa uulize utaratibu, upate karatasi, usije kukwama airport na sahani mkononi.

Kingine na ndio kikubwa kuliko lenzi. Mna karatasi yoyote ya huyo mzungu? Barua, picha ya nyumba yake sahani ikiwa ukutani, chochote. Sahani yenye historia ya njia iliyopita na isiyo nayo ni sahani mbili tofauti.

kichwa_ngumu_Soweto

Nilikuja kucheka nimebaki kusoma mpaka saa saba. Bro usiuze kabla hujatujulisha.

MnyalukoloMbeya

Karatasi nilisema hakuna. Mama kanisikia naongea na simu akasema ipo.

Ipo ndani ya Biblia ya baba, imekunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo. Kumbe zamani ukiacha kazi kwa mzungu na umepewa vitu, lazima akuandikie barua, kwa sababu geti la shamba askari anakukagua na ukikutwa na pasi ya mkaa bila barua wewe ni mwizi. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa kiingereza, tarehe ni Machi 1974, ina jina la baba na saini. Inasema mbebaji wa barua hii amepewa vitu vifuatavyo kama zawadi. Kitanda kimoja. Blanketi mbili. Pasi moja. Redio moja, mbovu. Na mstari wa mwisho, sahani moja ya uso kutoka Vallauris.

Nimeipiga picha na simu mbili tofauti na nimeirudisha kwenye Biblia pale pale ilipokuwa. Kesho mchana nikipata kivuli kizuri napiga hizo nyingine natuma. Sahani nimeizungushia kanga mbili iko juu ya kabati.

Mama kaniuliza sasa maziwa afunikie nini.

mama_wa_Ikombe

Jumamosi naenda Lyulilo. Mwambie anipe kipimo cha mdomo wa chungu.